Malaika Hakumkemea Eliya

Somo: 1 Wafalme 19:1-18

  Kama unayo Biblia karibu nawe, fungua kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nawe uliye jikoni au njiani, usiyeweza kusoma sasa, sikiliza tu, nami nitakusimulia.

Nabii Eliya alikuwa ametoka katika mlima wa Karmeli. Huko moto ulikuwa umeshuka kutoka mbinguni mbele ya watu wote, na mvua ilikuwa imenyesha baada ya ukame wa muda mrefu. Mtu angedhani kwamba baada ya ushindi kama huo Eliya angekaa na kuimba zaburi. Sivyo ilivyokuwa. Malkia Yezebeli alimtumia ujumbe kwamba atamwua, naye Eliya akakimbia mpaka Beer-sheba. Akamwacha mtumishi wake huko. Akaingia jangwani peke yake, mwendo wa siku nzima, akaketi chini ya mti wa mretemu, akamwomba Mungu amwondolee uhai wake.

Ndugu zangu, hebu tuyapime mambo haya. Aliyeomba kufa ni nabii wa Bwana, mtu wa maombi na imani. Wala si yeye peke yake. Musa naye aliomba vivyo hivyo, habari zake ziko katika Hesabu sura ya 11. Yona aliomba hivyo, soma sura ya 4 ya kitabu chake. Biblia haikuyaficha mambo haya. Mbona sisi twayaficha?

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo katika makanisa yetu husemwa kwa kunong'ona, na mara nyingi husemwa baada ya mazishi. Ni habari za vijana wanaojiua. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba kila mwaka watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua, na kwamba hii ni mojawapo ya sababu kuu tatu za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Kati ya vijana hao, nataka tuwatazame wale ambao twaishi nao bila kuwatambua. Hao ni vijana ambao akili zao zimeumbwa kufanya kazi kwa njia iliyo tofauti na ya watu wengi.

Vijana hao ni akina nani?

Wengine wana hali iitwayo usonji. Tukilisikia neno hilo, wengi wetu humfikiria mtoto mdogo asiyesema. Naam, wako watoto wa namna hiyo, lakini watoto hukua wakawa watu wazima. Tena wako wengi wenye usonji wanaosema vizuri, waliofaulu mitihani, walioajiriwa, hata wanaoimba katika kwaya zetu. Kijana wa namna hii huenda asipende kukutazama usoni anaposema nawe. Makelele ya vipaza sauti na mwanga mkali huweza kumwumiza kama kidonda kilichoguswa. Huyashika maneno kama yalivyosemwa, asitambue mzaha wala fumbo. Mpango ukibadilishwa kwa ghafula, hufadhaika. Na jambo analolipenda hulijua kwa undani kuliko wengine wote.

Wengine wana hali ya kutotulia na kukosa umakini. Kijana huyu huanza kazi kumi asimalize moja. Husahau alilotumwa, hukatiza maneno ya wakubwa, hutenda kabla ya kufikiri. Tangu darasa la kwanza ameitwa mvivu na mtukutu, naye kwa kweli amejitahidi kuliko wenzake wote.

Hali hizi si mapepo, wala si laana ya ukoo, wala hazikuletwa na mama aliyeshindwa kulea. Mwaka 1943 daktari mmoja wa Marekani, Leo Kanner, aliandika habari za watoto 11 waliokuwa na usonji. Miaka iliyofuata, wako madaktari waliofundisha kwamba kosa ni la mama, kwamba hakumpenda mtoto wake vya kutosha. Mafundisho hayo yaliwaumiza wazazi wengi, nayo yamekwisha kutupwa. Siku hizi yajulikana kwamba mtu huzaliwa hivyo, na kwamba kwa sehemu kubwa ni mambo ya urithi, kama kimo chake.

Basi hatari iko wapi? Mwaka 2016 wataalamu wa Sweden walichunguza vifo vya maelfu ya watu wenye usonji. Waliona kwamba watu hao walikufa kwa kujiua zaidi ya mara saba kuliko watu wengine. Na wale ambao hawakuwa na upungufu wowote wa akili, wale ambao mtu akiwatazama husema hawa hawana shida, kwao ilikuwa kama mara tisa. Huko Uingereza, mwaka 2014, waliandikwa watu wazima 374 ambao walikuwa wametambuliwa ukubwani kuwa na aina moja ya usonji. Katika kila 100 kati yao, 66 walikuwa wamewahi kuwa na mawazo ya kujiua. Nao walio na hali ya kutotulia na kukosa umakini wameonekana kuwa katika hatari iliyozidi ile ya watu wengine. Hizo ni hesabu za Ulaya, lakini vijana wenyewe wako hata katika mabenchi yetu.

Mzigo wa kujificha

Sasa mtu atauliza, je, usonji humfanya mtu atake kufa? La, hasha. Kinachomchosha mtu ni kuishi katikati yetu huku akijificha.

Tuseme kuna kijana wa miaka 23. Asubuhi kabla ya kutoka nyumbani hujikumbusha jinsi ya kutabasamu, na muda gani wa kumtazama mtu machoni. Hupanda matatu, na muziki ule hupiga kichwani mwake kama nyundo, lakini hujikaza asizibe masikio, watu wasije wakamcheka. Kazini wenzake hufanya mzaha, naye hucheka wanapocheka, asijue kicheko ni cha nini. Jioni hufika nyumbani hana nguvu hata ya kujibu salamu. Baba husema, "Huyu ana kiburi." Shangazi husema, "Mbona si kama wenzake?"

Jumapili huja kanisani. Kiongozi husema kila mtu amgeukie jirani yake amkumbatie. Vipaza sauti hunguruma. Baada ya ibada watu husimama makundi makundi wakizungumza, naye husimama kando ya ukuta akitafuta neno la kusema. Anapolipata, wenzake wamekwisha kwenda. Jumapili ya tatu haji. Hakuna aliyemtafuta, maana hakuna aliyejua kwamba alikuwa akija.

Na kama ni msichana, huenda mambo yakawa magumu zaidi. Wasichana wengi hujifunza mapema kuiga wenzao, hata mwalimu na mzazi wasione lolote. Husifiwa kwa upole wao na utulivu wao, kumbe ndani wanazama.

Mwaka 2018 wataalamu wa Uingereza walionyesha kwamba kadiri mtu mwenye usonji anavyozidi kujificha hivi, ndivyo anavyozidi kuwa katika hatari ya kufikiri kujiua. Waliona pia kwamba wanaohitaji msaada wasiupate wako katika hatari hiyo hiyo. Sikilizeni vizuri, ndugu zangu. Mambo haya mawili, kujificha na kukosa msaada, ni mambo ambayo kanisa laweza kuyagusa. Umbo la ubongo hatuwezi kulibadili, wala hatukuagizwa tulibadili. Lakini upweke twaweza kuuondoa.

Sisemi kwamba Eliya alikuwa na usonji. Maandiko hayasemi hivyo, nami sitaongeza. Ninachosema ni kwamba Mungu alipomkuta mtumishi wake amechoka kuishi, alimtendea kwa namna ambayo sisi hatuna budi kuifuata. Tazameni mambo manne.

La kwanza: Mungu hakumkemea

Someni mistari yote. Hamtaona malaika akimwambia Eliya kwamba hana imani, wala kumkumbusha Karmeli na kumwuliza shukrani yake iko wapi. Malaika alimgusa tu. Huo ndio ujumbe wa kwanza kutoka mbinguni kwa mtu aliyetaka kufa.

Je, sisi tumewaambia nini vijana wetu? Kijana akithubutu kusema kwamba haoni sababu ya kuishi, twamjibu, "Usiseme hivyo tena, ni dhambi." Au, "Wenzako wana shida kuliko wewe." Au twamwambia akaombe zaidi, kana kwamba Eliya hakujua kuomba. Kijana husikia, huitikia, huenda zake, wala hatasema tena.

Hata sheria ya nchi yetu ilikuwa ikimkemea. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mtu alitoka katika kitanda cha hospitali akaingia mikononi mwa polisi. Mwezi wa Januari mwaka 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Ikiwa hakimu ametambua kwamba mtu wa namna hii anahitaji tabibu kuliko pingu, sisi tuliolijua jina la Tabibu Mkuu tusibaki nyuma.

La pili: Mungu alimpa chakula na usingizi

Eliya alilala. Malaika akamwamsha, na tazama, pale kichwani pake kulikuwa na mkate na maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akampa tena, akamwambia kwamba safari iliyo mbele yake yazidi nguvu zake. Mahubiri hayakuwa yameanza bado. Mungu aliuona kwanza mwili uliochoka.

Kijana aliyejificha mchana kutwa amechoka kweli kweli. Kwake yeye, mkate na usingizi vyaweza kuwa mambo madogo sana ambayo wazee wa kanisa wangeweza kuyaamua katika kikao kimoja. Punguzeni sauti ya vipaza sauti. Wekeni chumba kimoja kitulivu ambamo mtu aweza kuketi asiulizwe neno. Aketi karibu na mlango, atoke, arudi, asinyoshewe kidole. Asilazimishwe kukumbatiwa wala kusimama mbele kutoa ushuhuda. Ibada ikibadilishwa, aambiwe mapema. Na nyumbani, mama, mwanao akitoka kazini akataka kukaa kimya saa moja, mwache akae. Hakuchukii. Anakula mkate wake chini ya mretemu.

La tatu: Mungu alisema kwa sauti ya utulivu, kisha akasikiliza

Eliya alifika Horebu akaingia pangoni. Ukapita upepo mkuu, na tetemeko la nchi, na moto, lakini Bwana hakuwamo katika hayo. Baadaye ikaja sauti ya chini, ya utulivu. Na sauti hiyo ilimwuliza swali, anafanya nini mahali hapo. Mungu ajuaye yote aliuliza, akangoja jibu! Eliya akamwaga moyo wake wote. Hata kabla ya upepo ule Mungu alikuwa amemwuliza swali lilo hilo, na sasa Eliya alirudia maneno yale yale, wala Mungu hakumwambia kwamba amekwisha kuyasikia.

Basi tujifunze kuuliza. Wazazi wengi huogopa kwamba ukimwuliza mtoto kama anafikiri kujiua, utampandia wazo hilo moyoni. Wataalamu wameonyesha kwamba sivyo. Kumwuliza kwa upole hakumpandii wazo. Mara nyingi humpa nafuu, maana sasa hayuko peke yake na siri yake. Tena kwa kijana mwenye usonji, uliza kwa maneno ya wazi, maana mafumbo hayatamfikia. Usiseme tu, "Mambo yako yaendaje?" Atajibu, "Salama." Mwulize, "Je, umekuwa ukifikiri kujiua?" Kisha unyamaze. Huenda akachukua dakika nzima kabla ya kujibu. Ngoja. Huenda asilie, na uso wake usionyeshe lolote. Usidhani kwamba kwa sababu halii haumii. Mwamini kwa neno lake.

Akikujibu ndiyo, usimwache peke yake siku hiyo. Ondoa kwa upole vitu ambavyo angeweza kujidhuru navyo. Mpeleke katika hospitali iliyo karibu, ukae naye mpaka aonwe na mganga. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina simu ya msaada isiyolipiwa, nambari 1199. Kwenda kwa daktari si kumkana Mungu. Mkate ule jangwani Mungu aliuleta kwa mkono wa mjumbe, na mganga naye ni mkono wake.

La nne: Mungu alimpa mwenzi

Eliya alikuwa amesema kwamba amebaki peke yake. Mungu akamwambia kwamba wako 7,000 katika Israeli wasiomwabudu Baali. Lakini hakuishia katika hesabu hiyo. Mtu aliye mpweke hafarijiki sana akiambiwa kwamba watu ni wengi. Mungu alimpa jina la mtu mmoja, Elisha mwana wa Shafati, na mahali pa kumpata. Eliya akamkuta analima kwa ng'ombe, na tangu siku hiyo wakaenda pamoja. Musa vilevile, alipoomba kufa kwa sababu ya uzito wa mzigo, alipewa wazee 70 wa kuubeba pamoja naye.

Kwa hiyo, ushirika wa vijana, msitosheke na kusema, "Karibuni wote." Yuko kijana mmoja kando ya ukuta anayengoja mtu mmoja. Nenda ukaketi naye. Si lazima mzungumze sana. Mwulize juu ya lile jambo alipendalo, liwe ni magari, au nyota, au historia ya reli, nawe utashangaa. Mpe kazi katika kanisa inayolingana na kipawa chake. Yule asiyeweza kuwasalimu watu mlangoni huenda ndiye atakayeweka daftari za kanisa bila kosa hata moja. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho, katika sura ya 12 ya waraka wa kwanza, kwamba vile viungo vinavyoonekana kuwa dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi. Hakusema vinavumiliwa. Alisema vinahitajika.

Kwa walioachwa

Najua wako wanaonisikiliza sasa ambao kwao neno hili limechelewa. Umemzika mwanao, au dada yako, au mume wako. Pengine hata mazishi yalikuwa ya aibu, na wengine walikataa kuja. Mama yangu, baba yangu, sikuja kukuongezea jeraha. Mambo mengi niliyoyasema leo hayakujulikana kwetu siku zile, nawe ulimpenda kwa nuru uliyokuwa nayo. Mungu aliyemwona Eliya chini ya mti alimwona mwanao pia, na rehema zake hazipimwi kwa saa ya mwisho ya mtu. Wala kanisa lisimfungie mlango mtu wa nyumba iliyofiwa hivyo. Nendeni mkae nao, mkapike chai, mkalitaje jina la marehemu kwa upendo.

Kwako wewe uliyechoka

Mwisho nina neno kwako, kijana unayesikiliza peke yako chumbani. Umeitwa wa ajabu tangu utotoni. Umejaribu kuwa kama wengine, umechoka, na labda umeanza kufikiri kwamba jamaa zako wangepumzika kama usingekuwapo. Neno hilo si la kweli. Uchovu ndio unaolisema.

Mungu hakukosea alipokuumba. Hakumwambia Eliya awe mtu mwingine kabla ya kumpa mkate. Alimpa mkate kama alivyokuwa, akamwonyesha njia, akampa rafiki. Na wewe, kazi yako ya leo ni ndogo: kula kitu, lala, na mwambie mtu mmoja. Kama kusema kwa mdomo ni kugumu, andika katika karatasi umpe. Kama wa kwanza hakuelewa, jaribu wa pili. Piga ile nambari 1199.

Katika mji wa Filipi, Matendo sura ya 16, askari wa gereza alitaka kujiua usiku, akidhani wafungwa wote wametoroka na kwamba mambo yake yamekwisha. Paulo, kutoka gizani, alipaza sauti kumzuia, akamjulisha kwamba wote wangali mle ndani. Kulipokucha, askari yule alikuwa ndugu katika Kristo, na nyumba yake yote ilifurahi. Asubuhi hiyo asingaliiona. Nasi leo, kwa njia ya redio hii, twakuitia wewe vivyo hivyo. Tuko hapa. Usiende.

Natuombe. Ee Bwana, uliyemgusa Eliya kwa mkono wa malaika, waguse leo watoto wako waliochoka kuishi. Wape mkate, na usingizi, na rafiki mmoja wa kweli. Utusamehe sisi tulio kanisa lako kwa kila mara tulipokemea mahali pa kusikiliza. Utupe macho ya kumwona yule asimamaye kando ya ukuta, na miguu ya kumwendea. Wafariji waliofiwa. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki nyote. Kwaherini.